Ramani ya Mwalimu Isogai

Ilikuwa mwaka 1961, mwezi wa Novemba. Hapana, nafuta hapo. Ilikuwa 1962, kwa sababu ile theluji kubwa iliyoziba madirisha mpaka ghorofa ya pili iliangukia Januari iliyofuata, na kati ya siku ile ya shuleni na theluji ile ilipita miezi miwili tu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwaambia watu 1961. Nadhani nilipenda mwaka mzima ukae hapo katikati.

Nilikuwa fundi wa vinanda vya shule, vile vya kukanyaga kwa miguu. Kazi hiyo siku hizi haipo. Nilizunguka mikoa mitatu ya upande wa theluji na sanduku mgongoni, ndani yake ngozi ya kushonea mivukuto, ndimi za shaba, nta, na kopo la gundi ya samaki. Vitani hawakunichukua kwa sababu mguu wangu mmoja ni mfupi. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitatu, lakini sidhani kama kuna mtu aliyeingia madarasa mengi kama mimi. Nililala katika chumba cha mwalimu wa zamu, nikala walichokula, figili za kuchacha na wali, kesho yake nikaondoka. Ndivyo nilivyomjua Isogai Fumie. Waliomwandika baadaye waliandika vyeo vyake, na vyeo alikuwa navyo. Mimi naandika yale niliyoyaona nikiwa nimelala chali chini ya vinanda.

Mara ya kwanza ilikuwa kiangazi cha 1945, vita havijaisha. Alikuwa msichana wa miaka ishirini, mwalimu wa muda, na darasa lake lilikuwa na watoto sitini na wawili. Nusu yao walikuwa wametoka Tokyo kukimbia mabomu, wakilala hekaluni. Panya walikuwa wametoboa mvukuto wa kinanda chake. Nilikuwa chini yake nikipima kiraka alipoingia, akaketi, asijue kwamba nipo.

"Sikumbuki uso wake," akasema peke yake.

Nikatoa kichwa. "Uso wa nani, Mwalimu?"

"Ala! Fundi, umenipasua moyo!" Akafuta macho haraka kwa mkono. Halafu, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kupita tu, akaniambia. Mtoto mmoja wa Tokyo alikufa kwa kuhara Jumapili iliyopita kule hekaluni. Wazazi walikuwa wamemwandikia barua kuuliza mtoto wao alikuwa akicheza nini siku zake za mwisho, na rafiki yake alikuwa nani.

"Nilimwita jina kila asubuhi," akasema, "na kila asubuhi akaitika. Niwaandikie nini?"

"Waandikie alikuwa mtoto mtulivu."

"Hivyo ndivyo wanavyoandikiwa wazazi wa watoto wote ambao mwalimu hakuwaona," akasema. Nikarudi chini ya kinanda.

Nimeyaweka hayo mbele kwa sababu kila alichokifanya baadaye kilitoka hapo. Alitaka jambo moja tu maishani, kwamba asimpoteze tena mtoto aliyekuwa mbele ya macho yake. Vita vilipokwisha alikwenda Sendai kusoma saikolojia ya elimu. Wanawake katika darasa lake walikuwa wawili. Alirudi mjini kwetu, kwenye chuo cha ualimu, akawa msaidizi kwa miaka tisa, na miaka hiyo tisa aliwapelekea chai wanaume waliosoma baada yake. Nilikuwa nikitengeneza vinanda kumi na nane vya chuo kila mwaka, maana wakati ule mwalimu wa shule ya msingi hakupata cheti bila kujua kupiga kinanda. Kwa hiyo niliwasikia.

"Dada Isogai," mmoja wao alimwambia siku moja akipokea kikombe, "ni kweli unapima roho za watoto kwa rula?"

"Kwa rula na penseli mbili, Profesa. Ya buluu na nyekundu."

"Ukimaliza watoto njoo unipime mimi."

"Rula yangu ni fupi, Profesa."

Walicheka wote, na yeye akakusanya vikombe.

Hizo penseli mbili zilikuwa kweli. Njia yake ilikuwa hivi. Mwalimu anawapa watoto karatasi yenye maswali manne. Ungependa kukaa na nani? Ungependa kucheza na nani? Ungependa kwenda safari ya shule na nani? Na la nne: hungependa kukaa na nani? Kisha mwalimu, peke yake, anachora kila mtoto kama kiduara, na kutoka kiduara hadi kiduara anavuta mishale, ya buluu kwa kupenda, myekundu kwa kutopenda. Yule aliyekaa pembeni bila mshale wa buluu hata mmoja, ndiye. Aliniita siku moja nimwone mmoja wao kwenye ramani ya namna hiyo, ya darasa la mbali kule milimani.

"Tazama huyu," akasema, kidole juu ya kiduara. "Mwalimu wake yuko naye tangu Aprili na hajui kama ana shida. Kesho atajua. Fundi Niwa, unaelewa? Kesho tu!"

Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile kwa sababu ya kiduara. Alipofanywa mhadhiri alitoa kijitabu, kurasa ishirini na nne, jalada la manjano, nakala mia nne zilizopigwa chapa kwa mkono pale chuoni. Wanachuo wote walikuwa nacho. Wengine walikwenda nacho milimani na visiwani.

Sasa nifike Novemba ile.

Wanachuo walifanya mazoezi ya kufundisha kwa wiki nne katika shule ya mazoezi iliyokuwa nyuma ya chuo, na mwisho wake kulikuwa na somo la wazi. Walimu wa wilaya nzima walikuja, wakavua viatu mlangoni, wakasimama nyuma ya darasa na madaftari yao. Aliyepangiwa safari ile alikuwa Tokita Isamu, kijana wa miaka ishirini na mmoja, mtoto wa mchoma mkaa, wa kwanza kwao kuvuka shule ya sekondari. Alikuwa mwangalifu mno. Aliandika hata mahali pa kukohoa katika andalio lake la somo.

Nilikuwa darasani humo tangu asubuhi mapema kwa sababu kinanda kilikuwa kinatoa pumzi. Tokita alikuwa anapamba ukuta wa nyuma. Kwetu ukuta wa nyuma ni wa kazi za watoto, na darasa likifanya kitu halafu kisionekane ukutani, mgeni atadhani hakikufanywa. Kulikuwa na maandishi ya brashi, picha za matunda ya persimoni, chati ya aliyesahau leso, chati ya aliyemwagilia maua. Katikati aliacha nafasi, akakunjua karatasi kubwa nzuri, yenye mistari iliyonyooka kama uzi.

"Hiyo ni reli?" nikamtania.

Akacheka. "Fundi, wewe! Reli gani? Hii ni ramani ya Mwalimu Isogai. Nimekesha nayo siku mbili. Nishikie pembe hiyo."

Nikashika pembe. Nikampa pini moja moja kutoka kiganjani mwangu. Nilikuwa nimewahi kuonyeshwa ramani ile chuoni, na niliona kwamba ile ya chuoni ilitolewa kwenye droo na kurudishwa kwenye droo. Hilo niliona. Lakini nilisema, "Mistari yako imenyooka, kijana," basi.

Na majina hayakuwepo. Katika kila kiduara aliandika namba ya mtoto ya kwenye daftari la mahudhurio.

Watoto wakaingia. Wa kwanza kuja kwenye kinanda alikuwa Orikasa Mineko, mwenye miaka kumi, ambaye wiki ile alikuwa na zamu ya kufungua kifuniko na kufuta vitufe. Nilimjua. Mama yake alitumbua samaki wa bwawani kwa mfanyabiashara mmoja, na gundi yangu nilinunua kwake. Nyumba yao yote ilinuka samaki, na mikono ya mtoto pia.

"Mjomba, kimepona?" akaniuliza.

"Kimepona. Lakini usikifokee."

"Mimi sijawahi kufoka," akasema kwa uzito kabisa, akaanza kufuta.

Nyuma yetu wenzake walikuwa wamesimama mbele ya ukuta. Mtoto wa kwetu anazijua namba za darasa lake zote. Namba iko kwenye kabati la viatu, kwenye ndoano ya koti, kwenye kikombe cha kusukutulia, kwenye kila karatasi anayokusanya na kugawa. Mpaka leo naweza kukutajia kumi na tisa alikuwa nani nilipokuwa darasa la tatu. Tokita alikua hivyo, mimi nilikua hivyo, na Mwalimu Isogai alikua hivyo.

"Thelathini na moja," mmoja akanong'ona.

"Kumi na moja myekundu! Hesabu mwenyewe."

"Wa buluu je?"

"Hakuna. Eh, thelathini na moja, njoo uone!"

Mineko aliacha kitambaa juu ya vitufe, akaenda. Walimpisha. Alisimama na kuhesabu kwa kidole bila kugusa karatasi. Kutoka kwake ulikuwa umetoka mshale mmoja wa buluu kwenda kumi na mbili. Kutoka kumi na mbili ulikuwa umerudi mwekundu. Alirudi kwenye kinanda akamalizia vitufe vilivyobaki, vya sauti nene, halafu akaenda kuketi kiti cha tatu karibu na dirisha.

Wageni wakaingia, kiasi cha sitini. Mwalimu Isogai aliingia katikati yao akitabasamu, akafika ukutani, akageuka kutazama. Nilikuwa kona ile ile na sanduku langu. Niliona shingo yake ikipauka. Kisha akaigeuzia ramani mgongo, akasimama nayo, akajibana ukutani ili aizibe. Alikuwa mfupi. Aliziba nusu ya chini. Kiduara cha thelathini na moja, kwa kuwa hakikuwa na jirani, Tokita alikuwa amekiweka juu kabisa, kwenye nafasi.

Somo la wazi ni dakika arobaini na tano, na hakuna anayelikatiza. Alisimama vile dakika zote. Watoto waliimba, Tokita akapiga kinanda bila kukosea, na Mineko naye alifungua na kufumba mdomo pamoja na wengine. Baadaye sana nilimuuliza Mwalimu kwa nini hakuibandua pale pale. Alisema, "Ningeibandua, watu sitini wangejiuliza kwa nini, na jibu lilikuwa limekaa kiti cha tatu dirishani."

Kengele ilipolia wageni walimzunguka. Alipolazimika kusogea, wakaanza kuinakili ramani kwenye madaftari yao. Mkaguzi mmoja mzee aliinama karibu na miwani yake.

"Kazi safi," akasema. "Na adabu pia. Hata majina hayapo."

Darasa lilipobaki tupu Mwalimu akasema, "Tokita, teremsha."

"Zote, Mwalimu?"

"Hiyo."

Kijana akatazama karatasi, akamtazama Mwalimu. "Kuna kosa? Nimefuata ukurasa wa kumi na tisa." Akatoa kijitabu cha manjano mfukoni, akakifungua, akasoma kwa sauti, kama mwanafunzi mzuri: "Ramani isionyeshe majina ya watoto. Tumia namba za mahudhurio."

Mwalimu Isogai alikuwa ameandika hivyo kweli. Aliandika akimfikiria mwalimu mwenzake atakayeiona ramani ile mezani. Kwamba ramani isipachikwe ukutani, hakuandika mahali popote. Haikumpitia akilini kwamba kuna mtu angeipachika, ingawa alijua, kama sote tulivyojua, kwamba kwetu kila kitu hupachikwa.

"Hakuna kosa lako," akamwambia. "Umefuata."

Jioni ile, kabla jua halijazama, alikwenda kwa kina Orikasa kuomba radhi. Nilimwongoza mimi kwa sababu niliijua nyumba. Mama Mineko alitoka akifuta mikono, akaona ni mwalimu wa chuo, akapiga magoti pale pale kizingitini.

"Tusamehe, Mwalimu! Nimesikia. Mtoto wangu ameliharibia darasa."

"Hapana, mama, sikiliza. Aliyekosa ni mimi."

"Mishale kumi na moja! Jirani kaniambia. Mineko! Njoo umwombe Mwalimu radhi."

"Mama Mineko, tafadhali, mtoto hana..."

Mtoto alikuja akapiga magoti akaweka paji la uso sakafuni. Mwalimu naye akashuka chini kabisa kuliko yeye. Mama alipoona mwalimu wa chuo ameinama kwa mtoto, akaogopa, akajilaza zaidi. Walikaa vile watatu, nyuso chini, na kila mmoja akingoja mwenzake ainuke kwanza. Mimi nilisimama nje na kofia mkononi. Mwisho ni Mineko aliyeinua kichwa, akaniona, akasema taratibu, "Mjomba, umekuja kuchukua gundi?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nikasema hapana, safari hii sijaja kwa gundi.

Shuleni wakaanza kumwita Thelathini na Moja. Mwalimu wa darasa alikataza, wakaacha kumwita chochote. Mwalimu Isogai alikwenda pale mara mbili kwa wiki, akakaa nyuma ya darasa. Alimpangia Mineko jirani mwema, akampangia kazi ya kikundi, kila dawa aliyoijua. Mtoto aliitika, "Ndiyo, Mwalimu," kwa kila jambo.

Januari theluji ikaanguka siku saba bila kupumua. Treni zilisimama. Watoto walirudishwa nyumbani mapema, kwa makundi ya mitaa kama siku zote, kwenye mstari mmoja, mkubwa mbele, mkubwa mwingine nyuma, wadogo katikati, njia yenyewe ikiwa mfereji kati ya kuta za theluji. Kundi la mtaa wa bwawa lilikuwa la watoto kumi. Walipofika kwenye bwawa walikuwa tisa. Theluji ilikuwa imeporomoka kutoka paa la ghala moja, hatua kama arobaini nyuma yao, na walisikia kishindo, lakini wiki ile vishindo vilikuwa kila mahali. Wanaume walichimba kwa majembe ya mbao, nikiwemo mimi, kwa kuwa nilikwama mjini. Tuliipata kwanza kofia ya nyasi ya Mineko. Kulikuwa bado mchana.

Hakuna aliyelaumiwa. Mwenye ghala aliomba radhi, akaombwa radhi. Mkuu wa shule aliongea kwenye paredi habari za mapaa. Mkubwa wa nyuma ya mstari, mtoto wa miaka kumi na miwili, alisema alidhani Orikasa yuko katikati. Aprili ile Mwalimu Isogai alipandishwa cheo.

Ndipo akaniita. "Fundi, wewe unafika kila mahali. Nisaidie kukirudisha."

"Kitu gani?"

"Kijitabu."

Kwa miaka sita nilizunguka na barua yake ya kuomba radhi, na chini ya ngozi na nta nilirudisha vijitabu vya manjano. Katika mia nne tulivipata mia tatu na sitini na saba. Alivichoma mwenyewe katika jiko la maji ya kuoga. Lakini katika kila shule niliyochukua kijitabu nilikuta ramani ukutani, mistari imenyooka, namba ndani ya viduara. Wale sitini walikuwa wamenakili, na waliowaona wakanakili kwao. Baadaye kampuni moja ya vitabu ikatoa karatasi zilizopigwa chapa tayari, maswali yale yale manne.

"Njia nzuri hii, bwana," mwalimu mmoja wa mlimani aliniambia. "Kabla hatujaijua tulikuwa tunafundisha gizani."

"Na watoto wanasemaje?"

"Watoto? Wanaisoma kila asubuhi. Wanaipenda kama matokeo ya mieleka."

Mwalimu aliandika kukanusha njia yake mwenyewe, makala mbili. Wenzake walisema ni unyenyekevu wa kike. Aliendelea kufundisha walimu miaka ishirini na saba baada ya theluji ile, na kila mwaka alifundisha kama mtu anayekimbiza kitu kilichomtangulia.

Tokita hakuambiwa. Alimuuliza Mwalimu mara moja tu, siku ya kuchukua cheti chake, kama ramani ilikuwa na uhusiano na kifo cha mtoto. "Theluji, Tokita," akamwambia. "Ilikuwa theluji." Alimwonea huruma, alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kwa hiyo Tokita akatoka pale akaitumia ramani ile maisha yake yote, kwa mapenzi, kila Novemba, ukutani.

Mwaka 1975 shule zilianza kutupa vinanda vya kukanyaga. Katika shule moja ya pwani mwalimu wa kike alinisaidia kutoa kimoja nje, akaona jina langu kwenye sanduku, akaketi juu ya kinanda chenyewe.

"Wewe ndiye fundi uliyekuwepo siku ile," akasema. "Mimi ni kumi na mbili."

Nikasema, "Umekuwa mwalimu."

"Mjomba, nikwambie kitu? Sikuwa na ubaya na Mineko. Lile swali la nne sikuwa na wa kuandika. Mwalimu Tokita alisema asiyejaza yote hatoki kwenda kucheza. Nikachungulia kwa jirani, nikaona ameandika Orikasa. Nikaandika Orikasa, nikaenda kucheza."

"Na huyo jirani?"

"Alisema siku ile Mineko alinuka samaki. Siku ile tu. Na nyuma yangu walichungulia kwangu."

Nilipanda treni siku hiyo hiyo nikampelekea Mwalimu maneno hayo. Alikuwa anasahihisha kazi za wanachuo. Aliweka kalamu.

"Walichungulia wangapi?"

"Hakujua."

"Kwa hiyo inaweza kuwa kumi na moja," akasema, "na inaweza kuwa mmoja." Akasema tena, "Mmoja." Akachukua kalamu akaendelea kusahihisha, na nikaona kwamba anaweka alama ya sahihi mahali palipoachwa wazi.

Alistaafu 1990. Kwetu profesa akistaafu hutoa mhadhara wa mwisho, na wanafunzi wake humchapia kitabu cha kumuaga. Ukumbi ulijaa walimu wa mkoa mzima, vichwa vyeupe kwa vyeusi. Tokita, wakati huo mkuu wa shule, alipanda jukwaani, akamkabidhi kitabu kwa mikono miwili. Jalada alilichora mwenyewe. Vilikuwa viduara na mishale, ya buluu na myekundu, mistari imenyooka vile vile.

Wote walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Alilitazama jalada kwa muda ambao mtu angehesabu mpaka kumi na moja, akainama mbele ya Tokita.

"Asante sana," akasema. "Umechora kwa mkono safi."

Miaka ya mwisho aliishi katika nyumba ya wazee upande wa mto, na nilipopita mjini nilimtembelea. Mimi mwenyewe sina mahali maalumu. Alikuwa akimenya persimoni, ganda moja refu lisilokatika, na kunikatia nusu. Hatukuzungumza sana. Kulikuwa na jambo moja ambalo nilikuwa nimemuuliza Tokita, akajibu kwamba hajui, alikuwa darasani hakuwa barabarani. Nilimuuliza kumi na mbili, akasema yeye alikuwa wa mtaa mwingine. Nilimuuliza yule wa nyuma ya mstari, sasa ni seremala mtu mzima, akafunga mlango. Mama Mineko nilikwenda mpaka kizingitini nikashindwa, nikanunua gundi nikarudi.

Mwisho, nikiwa na umri huu, nikamuuliza Mwalimu, kwa sababu kama kuna mtu aliyefanya kazi ya kujua ni yeye. Kisu kikasimama kwenye ganda. Alinitazama, nami nikaona kwamba swali hilo alikuwa nalo kabla yangu, tangu siku ya majembe ya mbao. Mhudumu akaleta chai, akatuambia tuinywe ingali moto. Mwalimu alikufa masika yaliyofuata.

Kabla sijamshikia Tokita ile pembe ya karatasi, Mineko alikuwa akitembea wapi katika mstari wa kurudi nyumbani?